Shajara ya mradi: kuijenga upya sauti ya albamu ya tatu ya Peter Gabriel, bila toazi hata moja

Lengo na mipaka

Albamu inayohusika ilitoka Mei 1980. Ni ya tatu kwa Peter Gabriel, mwimbaji Mwingereza, tangu aondoke kundi la Genesis mwaka 1975. Albamu zake nne za kwanza zote zinaitwa kwa jina lake tu, kwa hiyo mashabiki huitambua hii kwa jalada lake: uso unaoyeyuka, kazi ya Hipgnosis, wasanifu wa majalada ya albamu, iliyofanywa kwa picha za Polaroid. Prodyuza ni Steve Lillywhite, fundi mitambo ni Hugh Padgham. Ina nyimbo 10 na inachukua takriban dakika 45.

Mradi haunakili nyimbo zake. Tunatunga vipande vifupi vyetu wenyewe, kwa maneno ya Kiswahili, kisha tunavirekodi kwa mbinu zilezile na vifaa vinavyopatikana: kompyuta, kadi ya sauti yenye njia 8, programu ya kurekodia, seti ya drams na ukumbi mtupu. Watu wengi huikimbilia sauti ya ngoma za albamu hii na kuisahau amri iliyoizaa. Gabriel alipiga marufuku matoazi, hai-hati (jozi ya matoazi inayofungwa na kufunguliwa kwa mguu) ikiwemo, kwenye albamu nzima. Kadiri kazi inavyosonga ndivyo inavyodhihirika kwamba marufuku hayo yaliamua mambo mengine karibu yote: nani anashika mapigo, sauti ya mwimbaji inakaa wapi, na hata santuri inachongwaje. Kila hatua hapa chini inapimwa kwa amri hiyo.

Chumba: kimekamilika

Drams za "Intruder", wimbo wa kwanza, zilipigwa na Phil Collins mwaka 1979 katika studio ya Townhouse, London, ndani ya chumba chenye kuta za mawe. Ugumu wa kuta ni nusu ya kazi. Kwa mradi huu kinachofaa ni ukumbi wa tofali za saruji usiopigwa lipu, sakafu ya saruji, dari ya juu kuanzia mita 3. Mazulia, mapazia na viti vya sponji vyote vitoke nje.

Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mwangwi uliojaa unaozama taratibu, sawa. Ukisikia mrindimo mkali wa haraka, kuta mbili zinatazamana sambamba na sauti inapigwa danadana kati yake; egemeza mlango wa mbao au ubao mpana kwa mshazari kwenye ukuta mmoja. Paa la bati lisilo na dari lina tabia yake: tomu (ngoma ya drams yenye sauti nene) fulani ikipigwa, bati nalo linaitikia. Hilo hutibika kwa kubadili kidogo mkazo wa ngozi ya tomu hiyo. Mvua haitibiki.

Rekodi saa ambazo barabara imetulia. Kompresa tutakayoitumia (kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) inainua sauti hafifu kwa desibeli 15 au zaidi, na bodaboda ya mtaa wa pili itaingia kwenye rekodi kama imepita mlangoni.

Maiki na umbali: zimekamilika

Njia 8 zinatosha: kiki (ngoma kubwa ya mguu) moja, sneya (ngoma kali ya mbele ya mpigaji) moja, tomu nne, na mbili za chumba. Maiki za chumba zisimame mita 3.5 hivi kutoka kwenye sneya na mita 2.5 juu ya sakafu, zikitazama kuta badala ya drams. Zikitazama drams moja kwa moja, mlio wa fimbo unatangulia mno na chumba kinapungua.

Umbali unaleta tatizo la mawimbi kufutana. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo maiki iliyo mbali zaidi ya nyingine kwa mita 1.7 inachelewa milisekunde 5, na hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) zikikutana kwenye mchanganyo zinafutana. Sneya inakuwa kama bati. Kwenye mita 3.5 ucheleweshaji ni milisekunde 10 hivi, na shimo la kwanza (masafa ya chini kabisa yanayofutana) linashuka hadi hezi 50, ambako sneya haina kitu; mashimo mengine yanabaki juu yake, kuanzia hezi 150. Geuza polariti (mwelekeo wa wimbi, juu kuwa chini) ya maiki za chumba, sikiliza zote mbili, chagua iliyo nene. Kisha shusha maiki za karibu mpaka zibaki kiungo tu. Kwenye sauti hii chumba ndicho ala, na maiki ya karibu kazi yake kubwa ni nyingine, itakayoelezwa sasa hivi.

Kompresa kwanza, geti baadaye: imekamilika baada ya marekebisho

Asili yake inajulikana. Mikseri ya SSL (kampuni ya Solid State Logic) pale Townhouse ilikuwa na maiki ya mawasiliano iliyoning'inia chumbani ili watu walioko kwenye mitambo wawasikie wanamuziki wakiongea. Maiki hiyo ilipitia kompresa kali sana, ili anayenong'ona kwenye kona na anayeongea karibu wasikike sawa. Ilipoachwa wazi Collins akiwa anapiga, drams zilitoka kubwa kupita kiasi. Njia hiyo haikuwa imeunganishwa kwa ajili ya kurekodi, ikabidi mikseri iungwe upya. Mikseri hiyohiyo ilikuwa na geti (kifaa kinachozima sauti inaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa, yaani kizingiti) kwenye kila njia, na geti likaukata mwangwi ghafla. Ngoma kubwa kuliko chumba chake, kisha kimya.

Mipangilio tuliyofikia kwa maiki mbili za chumba, zikiwa zimeunganishwa kwenye kundi moja:

Kompresa: uwiano 20:1, shambulio, yaani muda wa kuanza kubana, la haraka kuliko yote (milisekunde 1 au chini), kuachia, yaani muda wa kuacha kubana, milisekunde 60 hadi 100, upunguzaji wa desibeli 15 hadi 20 kila pigo. Kuachia kukiwa kwa haraka zaidi ya hapo, kompresa inaanza kufuata mawimbi ya kiki yenyewe na besi inakwaruza. Kukiwa kwa polepole, mwangwi hauinuki kabla geti halijafunga, na kazi yote inakuwa bure.

Geti: linafuata baada ya kompresa, na linafunguliwa na maiki ya karibu ya sneya, si na sauti ya chumba yenyewe. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kompresa imeshausogeza mwangwi na pigo karibu kiwango kimoja, kwa hiyo geti likisikiliza sauti hiyo haliwezi kutofautisha kipi ni kipi: ukiweka kizingiti juu, mapigo mengine hayalifungui; ukikishusha, halifungi. Linabaki linatetemeka, linafungua na kufunga mara nyingi ndani ya pigo moja. Maiki ya karibu inalipa ishara safi. Itume kwenye ingizo la ufunguo la geti (pale geti linapopokea ishara ya kulifungua) kabla ya kitelezo chake cha kiwango, ili ukiishusha kwenye mchanganyo geti liendelee kufanya kazi.

Kwenye ishara hiyo ya ufunguo yaondolewe yote yaliyo chini ya hezi 200, la sivyo kiki italifungua geti la sneya. Kama unataka tomu nazo zipate mwangwi uliokatwa, tuma maiki zao kwenye ufunguo huohuo, kila moja ikiwa na geti lake dogo mbele.

Muda wa geti kukaa wazi haukisiwi, unahesabiwa. Gawanya 60,000 kwa mapigo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 100 unatoa milisekunde 600 kwa pigo zima, 300 kwa nusu, 150 kwa robo. Kama mapigo ya sneya na tomu yanafuatana kwa nusu pigo, geti likae wazi milisekunde 220, lifunge kwa 30, na zibaki 50 za kimya. Hizo 50 ndizo zinazosikika. Mtu akikwambia sauti yake "haina ile nguvu", mara nyingi ameujaza muda wote kwa mwangwi na hakuacha pengo.

Makosa mawili ya mwisho yana chanzo kimoja. Geti likifunga chini ya milisekunde 17 linalikata wimbi la hezi 60 kabla halijamaliza mzunguko, na inatokea "tiki" mwishoni mwa kila pigo. Likifungua kwa milisekunde sifuri, tiki inakuja mwanzoni. Fungua kwa 0.5, funga kwa 30, na ukiwa na programu yenye uwezo wa kutazama mbele, ipe milisekunde 2.

Mpigaji naye ana masharti. Mapigo laini ya katikati hayafungui geti, kwa hiyo hayapo. Ruwaza iwe chache, nzito, na kila pigo lifanane na jingine. Mpigaji wa jazi mwenye mkono mwepesi atateseka hapa.

Matoazi: jaribio la kuyarudisha limefungwa

Kuna aliyeshauri turudishe toazi moja "kwa ladha". Jaribio limefanyika ili hoja iishe. Toazi linalia kwa sekunde kadhaa, na nguvu yake kubwa iko juu ya kilohezi 5. Kompresa ya 20:1 inaliinua mpaka linafunika sneya. Halafu geti linafunga baada ya milisekunde 250, na sauti ambayo kila sikio linajua kwamba inapaswa kufa polepole inakatwa kama imepigwa mkasi. Ngoma ikikatwa hivyo inasikika kubwa. Toazi likikatwa hivyo linasikika kama faili iliyoharibika. Zaidi ya hayo linavuja kwenye maiki ya sneya na kuchokoza ufunguo.

Stendi zitolewe kabisa chumbani, kwa sababu mkono wa mpigaji huwa unaenda wenyewe kulikozoea kuwa na hai-hati. Weka tomu ya ziada mahali pale. Ruwaza zinabadilika papo hapo bila maelekezo zaidi.

Nani anashika mapigo?

Hai-hati ikiondoka, mapengo mawili yanabaki: hesabu ndogondogo ndani ya kila pigo, na eneo tupu juu ya kilohezi 5. Albamu inayajaza kwa njia tofauti kila wimbo. "No Self Control" na "Lead a Normal Life" zina marimba (ile ya vibao inayopigwa kwa virungu, wasomaji wa Dodoma wasidhani ni ilimba ya mkononi). "Intruder" ina zeilofoni na mluzi. "Games Without Frontiers" inakwenda na mashine ya ngoma. Gabriel wakati huo alikuwa ameanza kutunga kwa kuanzia na mapigo badala ya kodi za piano, akitumia mashine ndogo ya ngoma inayoprogramiwa, aina ya PAiA iliyokuwa ikiuzwa kama vipande vya kuunganisha.

Hapa kuna jambo ambalo wapenzi wa roki ya progresivu (roki yenye miundo na hesabu tata, kama ya Genesis) hulipita. Mwaka 1977 "Solsbury Hill" ilikuwa bado ikitembea kwa mapigo saba, desturi ya Genesis. Kwenye albamu ya tatu hesabu za ajabu zimepungua sana, na ugumu wote umehamia kwenye sauti zenyewe. Anayedai kwamba alikuwa ameiacha progresivu anahesabu mapigo tu.

Kwa vipande vyetu: marimba inapigwa kwa robo pigo mfululizo, noti nne tu, virungu vya mpira wa ugumu wa kati. Virungu vya uzi vinapotea chini ya ngoma zenye kompresa. Vya plastiki ngumu vinaleta ukali uleule wa hai-hati tuliyoiondoa. Isogeze kushoto nusu ya njia, na weka kulia gitaa lililozibwa kwa kiganja likijibu. Mapigo yanashikika bila tatizo.

Sampla: imekamilika

Fairlight CMI ya Australia, sampla (mashine inayorekodi mlio wowote na kuupiga kama noti), ilifika nyumbani kwa Gabriel mwaka 1979, wakati albamu ikirekodiwa, na ikatumika kuingiza milio ya vitu halisi. Mashine hiyo ya kwanza ilikuwa ya biti 8, sauti 8 kwa wakati mmoja, na kumbukumbu ya kilobaiti 16 kwa kila sauti. Hesabu yake: ukirekodi sampuli 16,000 kwa sekunde, unapata sekunde moja na chembe, ukipanda hadi 24,000, unapata theluthi mbili za sekunde.

Kuiga kwa programu ni rahisi mradi mpangilio ufuatwe. Rekodi mlio (chupa inayovunjwa ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa gunia, miwani machoni), kata chini ya sekunde moja, inua kiwango mpaka karibu na kikomo, ndipo ushushe hadi biti 8 na sampuli 16,000. Biti 8 zina nafasi ya desibeli 48 hivi tu. Ukishusha biti kabla ya kuinua kiwango, mkia wa mlio unageuka mchanga. Kubadili noti kufanyike kwa kubadili kasi, kama kanda. Programu za kisasa zinazobadili noti bila kubadili urefu zinaondoa tabia nzima ya mashine ile: noti ya chini iwe ndefu na yenye giza, ya juu iwe fupi na kali.

Ngoma kubwa ya wimbo wa mwisho

Albamu inafungwa na "Biko", zaidi ya dakika 7, kuhusu Steve Biko, mwanaharakati wa kupinga ubaguzi wa rangi, aliyefariki mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini tarehe 12 Septemba 1977, akiwa na umri wa miaka 30. Chini yake kuna surdo, ngoma kubwa ya Brazili, na juu yake sauti ya zumari za Uskoti iliyotengenezwa kwa sintesaiza ya Larry Fast. Mwanzoni na mwishoni kuna nyimbo za waombolezaji, na mwisho kabisa uimbaji huo unakatwa na mapigo mawili ya ngoma. Wimbo huu ulipigwa marufuku Afrika Kusini.

Ngoma yetu ina kipenyo cha sentimita 56 na ngozi ya ng'ombe. Ngozi hulegea kwa unyevu, na pwani noti inaweza kushuka kati ya kuanza na kumaliza kurekodi. Iote jua au moto wa mbali kabla ya kazi, ipime kwa kitafuta noti kila baada ya kurekodi mara moja, na usichanganye vipande vya kabla na baada ya kuikausha. Ipigwe katikati kwa rungu lililofungwa kitambaa. Ikipigwa ukingoni inatoa mlio wa juu unaolifungua geti vibaya. Hapa geti halihitajiki hata hivyo. Mapigo ni machache na mwangwi unaachwa uishe wenyewe, na baada ya kusikiliza nyimbo kadhaa za mwangwi uliokatwa, huo unaoachwa unasikika mrefu kuliko ulivyo.

Sauti za mazishi hatuzigusi. Kipande chetu kinamalizika kwa ngoma peke yake.

Sauti ya mwimbaji

Gabriel hutunga melodia kwa silabi zisizo na maana kwanza, maneno baadaye. Njia hiyo inafaa Kiswahili kwa sharti moja: mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo melodia inayokita kwenye silabi ya mwisho ya kila mstari itakulazimisha kutafuta maneno ya silabi moja au kupindisha matamshi. Kwenye rasimu imba silabi kwa jozi, zito kisha jepesi, na maneno yatapata pa kukaa.

Bila matoazi, pumzi na "s" za mwimbaji zinakuwa ndizo kali kuliko vyote juu ya kilohezi 6. Zinavutia, na ni mtego. Maiki isimame sentimita 20, pembeni kidogo ya mdomo, na kidhibiti cha "s" kisizidi desibeli 4. Ukikaza zaidi, mnong'ono, ambao ndio roho ya nyimbo kama "Intruder", unapata kitembe.

Mchanganyo na santuri: haijakamilika

Dakika 45 kwenye santuri moja ni nyingi. Upande unaozidi dakika 20 unalazimisha mifereji isogeleane, na fundi wa kuchonga anashusha kiwango au besi. Albamu hii ina upande wa kwanza wa takriban dakika 24. Msaada unatoka palepale penye marufuku. Kwenye mizunguko 33⅓ kwa dakika, sindano inapita sentimita 51 hivi kwa sekunde ukingoni, lakini karibu na katikati ni 21 tu, na ukali wa juu ndio unaoharibika kwanza pale ndani. Albamu isiyo na matoazi ina kidogo cha kuharibika. Kuweka wimbo wa taratibu wenye ngoma nzito na nafasi kubwa mwishoni mwa upande nako kunasaidia.

Kilichofanyika: kila kitu chini ya hezi 150 kimewekwa katikati, kwa sababu besi iliyoelemea upande mmoja inairusha sindano. Maiki za chumba ndizo zilizoleta shida, kwani mbili haziwezi kulingana kwa noti za chini. Zimechujwa chini ya hezi 80 na kiki imeachiwa maiki yake ya karibu.

Kinachosubiri: kutoa matoleo ya ala bila sauti kwa kila kipande. Gabriel aliirudia albamu hii kwa Kijerumani mwaka huohuo wa 1980, jambo lisilowezekana kwa urahisi kama sauti imeshashikanishwa na ala. Kompresa ya mchanganyo mzima ndiyo kikwazo: mwimbaji akiondolewa, kompresa inalegea na ngoma zinapanda. Kwa hiyo kundi la drams litatolewa likiwa na kompresa na geti lake, kompresa ya mchanganyo mzima ikiwa imezimwa, na itawashwa upya kwa kila lugha. Vipande vitatu vimeshatolewa hivyo. Cha marimba bado, kwa sababu mwangwi wake ulirekodiwa pamoja na wa mwimbaji na lazima utenganishwe kwanza.